Zege la Mwezi wa Mfungo

Wifi yangu Mwanahawa,

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kiti chako cha kamba, barazani kwako Mtoni Kijichi, nikamsikiliza binti mmoja akigonga kuta za nyumba yetu kwa nyundo ndogo. Anagonga, anatulia, anasikiliza, anaandika. Anasogea hatua moja, anagonga tena. Kila alipotulia, nami nilibana pumzi. Alianzia sebuleni, akaingia chumbani kwako, akatokea ukumbini, na wewe unajua alikuwa anaelekea wapi.

Nikueleze kwa utaratibu, maana mengi yametokea tangu uzikwe, na mazishi yenyewe sikuyawahi. Tunauza nyumba. Nasema tunauza, lakini aliyeamua ni Zuhura mwanao. Ana kiwanja chake Bunju, msingi umeshatoka chini, na shule anayofundisha iko huko huko. Nusu ya nyumba ina jina la marehemu kaka yako, kwa hiyo nimekuja kutoka Maskati kutia sahihi. Sikuwa na la kupinga. Niliondoka hapa nikiaga kwa miezi sita, ikawa karibu miaka arobaini, na nyumba nikakuachia wewe. Mtu kama huyo hana sauti ya kumzuia mtoto aliyekulia humu.

Wanunuzi ni mume na mke, wenyeji wa Iringa, mume karani, mke muuguzi, na wana watoto watatu. Mke tunamwita Mama Glory. Walikuja mara ya kwanza wakaipenda baraza, wakaupenda ua. Mara ya pili wakaja na huyo binti mwenye nyundo, injinia wa majengo, ili aikague nyumba kabla hawajakubali. Zamani zetu aliyetaka kununua nyumba alizunguka uani, akawauliza majirani kuhusu mwenye nyumba, basi, watu wakaenda kwa mjumbe kuandikiana. Tulikuwa tunamkagua muuzaji. Siku hizi wanaukagua ukuta, na nadhani wana haki.

Dalali wa Zuhura anaitwa Mudi, kijana wa Tandika, mdomo wake haupumziki. Wiki mbili kabla alikuwa ameipaka nyumba nzima rangi ya maziwa, akamwambia Zuhura waharakishe kabla ya mvua.

"Masika nyumba za huku zinasema kila kitu," alimwambia. "Kiangazi zinanyamaza."

Jumamosi hiyo alimfuata injinia nyuma nyuma kama mtu aliyepotelewa na kuku.

"Huu ukuta wa zamani huu, Injinia wangu. Siyo hizi biskuti za siku hizi. Gonga tu, utaumia mkono wewe."

"Braza, niache nisikie."

"Sikia, sikia. Mie nimenyamaza."

Hakunyamaza. Binti alikwangua rangi mpya kwa ufunguo karibu na sakafu, lipu ikamwagika kama unga. Mudi akadakia kwamba hiyo ni chumvi ya kawaida, Kijichi yote ndivyo ilivyo. Binti akasema anajua, bibi yake anakaa Mbagala, na akaandika hivyo hivyo. Halafu akatoka uani, akasimama mbele ya chumba cha nyuma.

Kilikuwa na kufuli. Zuhura akaenda kutafuta ufunguo, na mimi nikainuka kitini bila kukusudia.

Ndani mlikuwa na magunia mawili ya mkaa, majembe, mbuzi ya kukunia nazi isiyo na meno, na harufu ya vitu vilivyosahauliwa. Mama Glory aliingia, akasimama katikati, akageuka taratibu. Kile chumba kina ubaridi, wifi. Sikuwa nakumbuka. Nje jua linachoma, ndani unahisi kama umeingia mtungini.

"Baba Glory, njoo uone," akamwita mumewe. "Hapa ndipo watalala watoto. Wote watatu. Vitanda viwili huku, kimoja kule."

Binti akatazama juu. Akaona siling bodi. Zege lenyewe halikuonekana, lilikuwa limefunikwa lote kwa mbao zile nyepesi zilizopigwa misumari mingi kuliko inavyohitajika. Akagonga kwa mpini wa nyundo. Sauti yake haikunipendeza, na nikaona haikumpendeza hata yeye.

"Juu ya hii bodi kuna nini?"

"Kuna zege," Zuhura akajibu. "Zamani kulikuwa na tangi la maji juu yake."

"Naomba nifungue kipande kimoja."

"Ah, sista!" Mudi akaruka. "Ukibomoa siling ya watu, nyumba haijauzwa bado, nani anarudishia? Ishu ndogo unaikuza."

Na Baba Glory, mtu mpole, akasema labda si lazima. Nyumba imesimama miaka yote hii. Yule binti akamtazama mteja wake, akainamisha kichwa, akaanza kuandika. Nilikuwa karibu naye, nikaona neno aliloandika: halikuonekana. Basi. Karatasi ingesema halikuonekana, sahihi zingetiwa, na mimi ningepanda ndege yangu Alhamisi.

Lakini kabla hajafunga daftari alinigeukia.

"Bibi, samahani. Dada Zuhura ameniambia wewe ulikuwepo ikijengwa. Hili zege lilichanganywa kwa maji gani? Ya bomba au ya kisima?"

Mwanahawa, niliisikia sauti ya Fundi Mbaraka.

Unaikumbuka Ramadhani ile. Kaka yako ameshatangulia Maskati, mimi na wewe tumebaki na kuta nne, kichanga changu Yusuf wa miezi miwili, na barua za maagizo. Alitaka chumba cha nyuma kifunikwe kwa zege ili tangi la maji likae juu, kama alivyoona huko. Saruji ilikuwa haipatikani bila kibali. Kibali kile tulikifukuzia miezi, ofisi hii na ile, mimi nikiandika maombi kwa mwandiko wangu wa kikarani na wewe ukiwachekesha makarani wenzangu mpaka wakasahau kutuambia turudi kesho. Saruji ilipofika tuliilaza juu ya mbao na kuifunika maturubai kama mgonjwa. Na bado mifuko miwili ilianza kushika mabonge. Mawingu yalikuwa yameshajaa upande wa bahari. Siku yoyote masika yangeshuka na saruji yetu ingegeuka mawe ndani ya mifuko.

Fundi Mbaraka alikuwa na sharti moja tu. Zege lake haligusi maji ya visima vya Kijichi. "Chumvi inakula nondo," alikuwa akisema. "Leo huoni, kesho huoni. Siku utakayoona, umechelewa." Kwa hiyo kila asubuhi, kabla vibarua hawajashika koleo, alipita na kikombe chake cha bati, pipa kwa pipa, akionja. Akikuta chumvi, analipindua pipa chini bila kusema neno. Tulimwona akifanya hivyo mara mbili.

Maji matamu tuliyafuata bombani Mtoni, alfajiri, kwa mkokoteni wa kukodi. Siku tatu bomba lilitoa upepo tu. Siku ya nne ndiyo ilikuwa siku ya kumwaga zege. Vibarua wamefika, mbao za kuzuia zege zimesimama, nondo zimefungwa, kokoto na mchanga vimelazwa. Mapipa saba yako matupu. Ulinitazama, ukasema, "Mke wa kaka, njoo unisaidie kamba." Tukaenda kisima cha jirani.

Hata pale tulitaniana. "Vuta, mwanamke!" ulinikaripia. "Kaka yangu alioa nini, mtu au utepe?"

"Kaka yako alioa karani," nikakujibu. "Punda tayari alikuwa naye nyumbani."

Ulicheka mpaka ndoo ikarudi kisimani. Na mfungo wako wote, ulicheka.

Fundi alipofika alichukua kikombe, akachota pipa la kwanza, akakifikisha mdomoni. Akasita. "Nimefunga," akasema, kama anajikumbusha. Akatutazama sote wawili. "Dada Mwanahawa naye amefunga. Mama Yusuf, wewe unanyonyesha, hufungi. Hebu nionjee."

Akanipa kikombe. Nikanywa. Nilivyokunywa nakumbuka, hadi leo naweza kukwambia chumvi ile ilikaa upande gani wa ulimi. Nikakutafuta kwa macho. Hukunikonyeza, kama ulivyokuja kudai baadaye tulipokuwa tukicheka. Ulikuwa unatazama mawingu.

"Matamu," nikasema.

"Yote?"

Nikaonja la pili, la tatu, nikafika la saba. "Yote, fundi."

Aliniamini. Nilikuwa mtu wa ofisini, mwenye mtoto mgongoni, katika mwezi wa toba. Kwa nini asiniamini? Akapiga bismillah, vibarua wakashika koleo. Mvua ilinyesha siku mbili baadaye, na wewe ukaniambia jikoni, huku unakoroga uji wa kufuturu, "Tungechelewa, wifi. Tungelia." Nikakubali. Mwaka uliofuata niliondoka, na kile kikombe nikadhani nimekiacha huku.

Sasa fikiria nimesimama mbele ya yule binti. Alikuwa ameuliza kama mtu anayejaza fomu, hakunishuku. Neno moja, la bomba, lingetosha. Na nilitaka kulisema, Mwanahawa. Nisikufiche. Lilishafika mdomoni. Nilimtazama Zuhura, nikamwona ameshika simu akimwonyesha Mama Glory picha ya msingi wake wa Bunju. Mama Glory akawa anapima ukuta kwa hatua, kuona kitanda cha tatu kitakaa vipi.

"Ya kisima," nikasema. "Ya chumvi. Fundi alikataa, mimi nikamdanganya."

Watu watano walinitazama kwa pamoja. Wa kwanza kupata sauti alikuwa Mudi.

"Bi mkubwa, shikamoo yangu nimekupa tangu asubuhi. Umeongea nini sasa?"

"Aunti?" Zuhura akasema, taratibu.

Binti alivuta kigoda, akapanda, akaingiza nyuma ya nyundo kwenye siling bodi, akavuta. Msumari ukalia. Akavuta tena, kipande kikaachia, na kabla hakijafika chini tukasikia vitu vinaporomoka kutoka juu yake. Vilikuwa vipande vya zege. Vingine ukubwa wa sahani, vingine vidogo kama kokoto, na vumbi jekundu la kutu. Vilikuwa vimelala juu ya ile bodi sijui kwa muda gani. Mama Glory akarudi nyuma mpaka mlangoni. Binti akamulika kwa tochi ya simu, nasi tukaona nondo, zimevimba, zimechanika kama magome, nyingine zimebaki wembamba wa sindano ya kushonea magunia.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Wanunuzi waliondoka bila kunywa chai. Mudi akawafuata hadi barabarani akiongea, tukamsikia mpaka aliponyamaza mwenyewe. Mimi na Zuhura tukabaki uani. Ana macho yako, wifi, hasa akikasirika.

"Tulipokuwa wadogo mama hakuturuhusu kulala humu," akasema. "Hata wageni wakijaa, tunalala sebuleni kama samaki, chumba hiki kimefungwa. Akasema kina joto."

"Hakina joto."

"Najua hakina joto! Na tangi akaliteremsha, mimi niko darasa la nne, akasema maji hayapandi. Yalikuwa yanapanda. Nilikuwa nayaona yakimwagika. Kwa hiyo alijua."

"Alijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Tulikuwa wawili. Alivuta maji, mimi nikaonja."

Nilidhani atalia. Badala yake akasema jambo ambalo nalistahili, na nakuandikia kama alivyolisema. "Mama yangu amekaa chini ya hili zege miaka yote, anahesabu nyufa peke yake. Wewe uko Maskati, chini ya kiyoyozi."



Tangu siku hiyo nakuuliza wewe. Barua zako zote ninazo, kwenye kisanduku cha biskuti, na kabla sijafunga safari nilikuwa nimezisoma upya. Uliniandikia jirani aliyeoa mke wa pili, mkorosho uliokauka, meno ya Zuhura, bei ya nazi. Baadaye simu zikaja, tukaongea kila Ijumaa. Hukuniambia siku uliyoona ufa wa kwanza, wala siku kilipoanguka kipande cha kwanza. Ulinihurumia? Uliogopa kaka yako angejua na kunigombeza, yule mkali wa barua? Au ulingoja mimi niulize? Maana kuuliza ilikuwa kazi yangu, na Ijumaa zote zile sikuuliza. Tuliicheka siku ile ya kisimani mara nyingi sana, kisha tukaacha kuicheka, na mimi sikujiuliza kwa nini tumeacha.

Na ile siling bodi. Zuhura anasema uliipigisha miaka mitatu iliyopita, ukasimama hapo hapo fundi akimaliza, ukataka misumari iongezwe. Ulikuwa unadaka vipande visimwangukie mtu, au ulikuwa unaficha? Nimeifikiria kila upande. Nilitaka sana kuandika kwamba ulikuwa unadaka. Sijui. Kufuli lilikuwa lako, kwa hiyo nani angeangukiwa?

Siku ya Jumanne Mama Glory alipiga simu. Wataichukua nyumba, kama chumba cha nyuma kitabomolewa mbele ya macho yao na injinia akapita upya kila penye zege. Zuhura akakubali. Nikasogeza safari yangu.

Jana wamebomoa. Mafundi waliweka nguzo za kushikilia, wakapanda, wakatuamuru sote tukae mbali. Nilitegemea kazi ya siku nzima. Nilikumbuka vibarua kumi na wawili, koleo, ndoo zikipanda mkono kwa mkono, jasho la watu waliofunga. Fundi mkubwa alipiga nyundo mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu ikapita upande wa pili. Kona nzima ikashuka na nguzo yake. Vumbi lilipotulia, lile fungu lilikuwa pale pale Mama Glory alipopima kitanda cha tatu.

Alikuwa amesimama karibu nami uani, kitindamimba wake kiunoni. Hakusema asante, na sikuitegemea. Alitazama lile fungu kwa muda, akambadilisha mtoto kiuno, halafu akanigeukia, sauti yake ya chini na ya heshima.

"Bibi, shikamoo. Nataka kukuuliza kitu, usinichukie. Injinia asingekuuliza siku ile, ungetuambia?"

Zuhura alikuwa nyuma yetu na ufagio. Akaacha kufagia.

Mwanahawa, nilikuwa na jibu zuri. Mtu aliyesoma hakosi jibu zuri. Ningesema ningewaambia kabla ya sahihi, ningesema nilikuwa natafuta maneno. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya mtu mmoja katika ua ule, naye alinitazama kwa macho ya namna hiyo hiyo, ya mtu anayeniamini.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Nimekaa wiki nzima najiuliza. Sijui."

Aliitikia kwa kichwa. Akaingia ndani ya nyumba kumtafuta mumewe, na Zuhura akaendelea kufagia, safari hii akianzia miguuni kwangu.

Ndiyo maana barua hii siiweki kwenye kisanduku. Nimempa Zuhura akaisoma, amesahihisha mahali pawili, amekubali itoke kwa watu na jina lako likiwemo. Mwaka ule hatukuwa peke yetu. Wengi walikuwa na kibali mkononi, bomba linalotoa upepo, na mawingu juu ya kichwa, na kisima cha jirani kiko hapo hapo. Wapo waliozeeka wakijua. Wapo walioondoka kama mimi. Juu ya vitanda vya wajukuu wao liko zege ambalo fundi aliambiwa ni la maji matamu. Watu hawa nawaomba waseme leo, kabla mtu hajaja na nyundo. Mimi nilisema baada ya kuulizwa, na sasa sitajua kamwe mimi ni mtu wa namna gani. Hili la leo, walau, hakuna aliyeniuliza.

Nakuombea nafasi pana huko uliko, na juu yako mbingu tupu.

Mke wa kaka yako,
aliyeonja.